Mvinyo mwekundu wa zabibu za mvua: ukigoma, ukinuka, ukigeuka siki

Kila mwaka mavuno ya kiangazi ya Agosti na Septemba yakiisha hapa Dodoma, simu yangu haipumziki. "Umeacha kuchemka na bado mtamu." "Unanuka yai." "Juu pametanda kitu cheupe." Maswali ni yale yale, na majibu nayo hayabadiliki sana, kwa hiyo nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa dalili. Nimewalenga wanaotengeneza nyumbani, kuanzia ndoo mbili hadi mapipa mawili matatu, kwa zabibu nyekundu za mashamba makongwe yasiyomwagiliwa, kama yale ya Hombolo, Mbabala, Mpunguzi na Bihawana.

Kabla ya dalili yenyewe, ijue juisi yako. Mzabibu mzee wa mvua umeshusha mizizi mbali. Hupata mvua ya milimita mia tano na kitu, ambayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha hukaa na kiu miezi inayobaki. Punje zake ni ndogo, ganda ni nene, sukari ni nyingi. Ndiyo maana mvinyo wake ni mzito na una rangi. Ila juisi hiyo ina njaa, maana nitrojeni inayoliwa na hamira huwa kidogo, na kwa jua letu asidi nayo huondoka mapema. Ongeza joto la mchana chini ya bati na umeshapata chanzo cha zaidi ya nusu ya matatizo yaliyo hapa chini. Watu hulaumu hamira, wengine hulaumu mkono wa mtu. Mimi huanza kwa kuuliza kipimajoto kilisoma ngapi.

Vifaa vya chini kabisa ni haidromita (inayokuonyesha sukari iliyobaki), kipimajoto, kipima pH (namba ikipanda, asidi ni kidogo) na mizani midogo kama ya sonara inayosoma gramu. Bila hivyo unabahatisha.

Simama hapo hapo ukikuta haya

Mtu amejisikia kizunguzungu au kichwa kizito katika chumba chenye mapipa yanayochemka: toeni watu nje, fungueni milango, msirudi kuchukua kitu. Gesi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, na haina harufu ya kukuonya. Usiinamishe kichwa ndani ya pipa wala kuingia kwenye tangi kulisafisha siku ileile ulipolimwaga. Kama mtu ameanguka ndani, usimfuate. Baadhi ya wanaokufa kwenye matangi ni wale walioingia kuokoa. Mshumaa usiuamini pia, kwa sababu unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inakudhuru.

Umegundua dumu au pipa lilikuwa na kiuatilifu, rangi au mafuta ya mashine: mwaga. Hakuna kuosha kunakotosha. Vivyo hivyo mvinyo uliolala kwenye sufuria ya alumini, ndoo ya bati la zinki au pipa la chuma lenye kutu. Asidi ya zabibu hula metali.

Na mvinyo ulioharibika usijaribu kuuokoa kwa kuupika kama gongo. Ni kinyume cha sheria, na sumu ya methanoli inayopofusha watu inahusiana na pombe kali za kienyeji na zilizochakachuliwa, si na mvinyo uliochachuka tu.

Umeacha kuchemka na bado ni mtamu

Hili ndilo namba moja. Kwanza hakikisha kweli umegoma. Pima kwa haidromita leo, kesho, keshokutwa. Ikisoma 0.996 au chini, kazi imekwisha, na utamu unaousikia ni wa tunda na pombe yenyewe. Ikisimama kwenye 1.010 au 1.020 siku tatu bila kusogea, umegoma.

Sababu ya kwanza ni joto. Watu hupima juisi ya chini na kuridhika, wakati maganda yaliyoelea juu yanaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi. Chomeka kipimajoto katikati ya maganda. Mvinyo mwekundu unapenda nyuzi 22 hadi 30. Ukipita 35 hamira inaanza kudhoofika, na ukikaribia 40 inakufa. Dawa yake haina gharama. Zungushia pipa magunia mabichi mahali penye upepo, kama vile mtungi unavyopoza maji. Tumbukiza pia chupa za plastiki zenye maji yaliyoganda, zimefungwa sawasawa, na usisahau kuzitoa. Barafu yenyewe usitie. Shindilia maganda chini mara tatu kwa siku, na moja wapo iwe usiku wa manane.

Wakati mwingine ni kinyume. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu una baridi, na pipa dogo lililowekwa sakafuni linaweza kulala. Hilo halijagoma. Lisogeze ndani, livike blanketi, subiri siku mbili.

Sababu ya pili ni sukari kupita kiasi. Kila gramu 17 za sukari kwa lita hutoa takriban asilimia 1 ya pombe. Juisi inayosoma 1.100 itakupa asilimia 13 au zaidi kidogo. Ikisoma 1.115 au zaidi unaiomba hamira kazi ya asilimia 15, na hamira ya mkate, ambayo wengi wetu tulianza nayo, mara nyingi huchoka kabla ya hapo. Hapa dawa nzuri ni ya kabla. Acha mistari michache ivunwe wiki moja mapema, juisi yake ije kupunguza makali ya hii. Maji ni njia ya mwisho, na yawe kidogo.

Ya tatu ni njaa. Kinachotumika ni fosfeti ya diamonia ya kiwango cha chakula, gramu 20 hadi 30 kwa lita 100, pale theluthi moja ya sukari inapokuwa imekwisha. Sasa nisikilizeni. Jina hilo kwa kifupi ni DAP, na duka la pembejeo litakuuzia mfuko wenye herufi hizo hizo. Ile ni mbolea. Haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu, na hakuna anayekuhakikishia kilichochanganyika nayo. Kama huna ya chakula, acha. Ni heri mvinyo mtamu kuliko mbolea kwenye glasi.

Ya mwisho, na ni nadra, ni kuzidisha metabisulfiti mwanzoni, yaani ule unga wa salfiti wa kuzuia bakteria. Ukipiga hesabu na kukuta uliweka zaidi ya gramu 20 kwa lita 100, uhamishe kwa kumwagia kwa juu mara moja ili sehemu ipotee hewani, kisha jaribu tena.

Kuuamsha mvinyo uliogoma hakuhitaji nguvu, kunahitaji subira. Kwa lita 100, chukua gramu 30 za hamira ya mvinyo inayovumilia pombe nyingi, iloweke kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40, mililita 300, dakika 20. Ongeza nusu lita ya maji na nusu lita ya mvinyo uliogoma pamoja na vijiko vichache vya sukari, na chakula cha hamira kama unacho. Ukiona povu linapanda, ongeza mvinyo wa kiasi kile kile kilichopo. Subiri uchemke tena, ongeza tena. Endelea hivyo hadi ufike lita 20, ndipo umimine kwenye pipa. Katika kila hatua tofauti ya joto isizidi nyuzi 10. Anayemwaga hamira kavu juu ya mvinyo wenye asilimia 12 ameitupa.

Kama wiki mbili zimepita na harufu ya siki imeanza, usiendelee. Bakteria sasa wanakula ile sukari iliyobaki, na kuamsha hamira kwa kubahatisha ni kupoteza hamira pia. Peleka sampuli ipimwe asidi ya siki. TARI Makutupora ndicho kituo cha utafiti wa zabibu kilicho karibu nasi, na mtaalamu wa kiwanda chochote cha mvinyo anaweza kukusomea matokeo.

Unanuka yai viza

Kama unanuka ungali ukichemka, sababu kubwa ni njaa ile ile. Hamira iliyokosa nitrojeni hutoa salfidi, gesi yenye harufu hiyo ya yai. Ya pili ni salfa ya unga. Sote tunaipiga dhidi ya ubwiri unga, na wengine huipiga hadi wiki mbili kabla ya kuvuna. Mwaka mmoja nilinunua kreti za shamba la jirani zikiwa zinang'aa kwa ule unga wa njano, nikajiambia utaoshwa na juisi. Nyumba nzima ilinuka kama choo cha stendi kwa siku tisa. Tangu hapo nauliza tarehe ya kupiga dawa kabla sijauliza bei. Acha salfa angalau wiki tano kabla ya mavuno.

Ya tatu ni mashapo mazito yaliyokaa chini ya mvinyo mwezi mzima bila kuguswa.

Jaribio rahisi: mimina glasi mbili. Katika moja tumbukiza waya wa shaba uliokwanguliwa ukang'aa, tikisa dakika mbili tatu, nusa zote. Harufu ikitoweka kwenye yenye shaba, ni salfidi ya kawaida na inatibika. Glasi hiyo usiinywe. Harufu ikibaki, na hasa kama inaelekea kitunguu kilichooza au mpira uliochomwa, imeshageuka kuwa kitu kigumu zaidi, na kumwagia hewa kunaweza hata kuifunga zaidi.

Tiba ya salfidi ya kawaida wakati bado unachemka: toa juisi chini ya pipa kwa ndoo, irudishe juu kwa kuimwaga kutoka usawa wa kifua, mara mbili kwa siku, na uilishe hamira kama haijapita nusu ya safari. Mvinyo uliokwisha kuchemka uhamishe kwenye chombo kisafi, ukiacha mashapo nyuma, mara moja tu kwa kurusha.

Kuna anayejua kwamba shaba huondoa harufu na akakumbuka mrututu wa shambani. Hapana. Mrututu ni sumu, na kipimo kinachotumika kwenye mvinyo ni cha miligramu. Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo, OIV, linaruhusu mabaki ya shaba yasiyozidi miligramu 1 kwa lita. Kwa mizani ya jikoni hufiki huko. Kazi hiyo ni ya mtu wa maabara.

Harufu ya siki, au ya kiondoa rangi ya kucha

Uliza chombo kimejaa kiasi gani. Karibu kila mara jibu ni "robo tatu". Bakteria wa siki wanahitaji hewa, na dumu lenye nafasi juu ni shamba lao. Baada ya hapo angalia kama maganda yaliachwa yakakauka juu siku nzima bila kushindiliwa, kama vijinzi vilikuwa vinaingia na kutoka kwa uhuru, na kama zabibu zilikuja zimepasuka, zimetobolewa na nyuki na ndege, kisha zikalala kwenye kreti juani hadi jioni. Mwisho pima pH. Zabibu zilizoungua jua zinaweza kutoa juisi ya 3.9 au hata 4.0, na hapo salfiti haina meno. Jitahidi iwe kati ya 3.4 na 3.7 kabla ya kuchachua. Gramu 1 ya asidi ya tartari kwa lita huishusha kwa takriban 0.1. Ndimu usitumie. Asidi yake ni nyingine, bakteria wanaweza kuigeuza kuwa siki, na ladha haifanani.

Siki iliyokwisha kuingia haitoki. Unachoweza ni kuizuia isiongezeke. Hamisha mvinyo bila kurusha, jaza chombo hadi shingoni (afadhali madumu matatu ya lita 20 yaliyojaa kuliko pipa lenye nafasi), weka metabisulfiti ya potasiamu gramu 10 kwa lita 100, funga. Fungua kopo la metabisulfiti mahali penye hewa. Mwenye pumu asilishike kabisa, na anayekunywa aambiwe imo.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha gramu 1.2 za asidi ya siki kwa lita kwa mvinyo mwekundu. Ulimi wa kawaida huanza kulalamika kabla ya hapo. Ukishapita, kubali. Geuza kuwa siki ya kweli, ya kachumbari, lakini uipeleke nyumba nyingine, mbali na mapipa mazima. Wapo wanaofunika harufu kwa sukari na kuuza kwenye sherehe. Wanajijua.

Utando mweupe juu

Ukiwa mwembamba, mkavu kama unga, na mvinyo chini yake hauna harufu mbaya, ni hamira za juu zinazopenda hewa. Chanzo ni nafasi kwenye chombo. Toa mvinyo kwa mpira kutoka chini ya utando, usiuvuruge, jaza chombo kipya mpaka juu, weka salfiti. Ukiwa na manyoya ya kijani au meusi, hiyo ni ukungu. Mwaga na uchunguze chombo.

Chupa zinatoa gesi, vifuniko vinaruka

Sababu ya kawaida ni sukari iliyobaki. Umefunga chupa kwa 1.004 ukidhani umemaliza. Sababu nyingine ni bakteria wanaobadili asidi ya maliki kuwa ya laktiki, ambao walichelewa wakafanya kazi yao ndani ya chupa. Hapo gesi huwa kidogo na mvinyo haung'ai tena.

Hatari ni vioo. Vaa miwani na glavu nene, funika chupa kwa taulo, zipoze kwenye friji usiku mzima ndipo uzifungulie nje moja moja. Watoto wasiwepo. Chupa moja ikishapasuka yenyewe, usiingie stoo kuhesabu zilizobaki. Subiri usiku upoe ndipo uzishughulikie. Mvinyo rudisha kwenye chombo chenye mpira uliotumbukia kwenye maji, uache umalize.

Rangi ya kahawia au iliyopauka

Mvinyo mchanga uliogeuka kahawia umekula hewa, au zabibu zilikuwa na uozo. Kutofautisha, mimina glasi, iache wazi mezani hadi kesho. Ukibaki mwekundu, tatizo lilikuwa hewa tu: jaza vyombo, weka salfiti, yaliyopita yamepita. Ukigeuka kahawia na kuweka tope, kimeng'enya cha uozo bado kinafanya kazi, na dawa yake ya kiwandani ni kupasha moto haraka. Jikoni huwezi kufanya hivyo bila kuupika mvinyo. Unywe mapema. Rangi iliyopauka bila ukahawia mara nyingi ni pH ya juu, au maganda yaliyotolewa siku ya tatu kwa haraka ya sikukuu.

Unakakamaza ulimi, unauma mwishoni

Ganda nene la zabibu za kiu lina tanini nyingi, kwa hiyo ukali kiasi ni haki yake. Onja tena baada ya miezi sita kabla ya kufanya lolote. Uchungu, tofauti na ukali, hutoka kwenye mbegu zilizopondwa kwa kinu au kwenye vikonyo vilivyoachwa. Ponda kwa mikono au miguu safi. Ukilazimika kutibu, ute wa mayai mawili au matatu kwa lita 100, uliopigwa kidogo na maji na chumvi kidogo, huvuta tanini chini kwa wiki moja hadi mbili. Kisha hamisha. Mwambie mgeni kuna yai, asije akawa na mzio.

Harufu ya punda, na ile ya panya

Jasho la punda, zizi, plasta ya jeraha: ni hamira pori iitwayo Bretanomisesi, na hujificha kwenye mbao. Pipa la mtumba la mti ndilo mshukiwa. Wapo wanaoipenda kidogo kidogo, mimi simo. Salfiti huizuia, lakini pipa lenyewe usilitegemee tena. Usilioshe kwa dawa ya klorini ya kufulia, kwani klorini na mbao huzaa harufu ya gunia lililovunda ambayo haiondoki.

Ya panya ni ya ajabu zaidi. Ukinusa glasi hakuna kitu. Ukimeza, sekunde chache baadaye kinywa kizima kinakuwa kama gunia la mahindi lililoingiliwa na panya. Si kila mtu anaisikia, kwa hiyo mpe mwingine aonje kabla hujajibishana na mteja. Hutokea zaidi kwa wanaotengeneza bila salfiti kwa pH ya juu. Tiba ya nyumbani haipo, na usichanganye na pipa zuri ukidhani itapungua.

Vipande kama chumvi chini ya chupa

Ni chumvi ya asidi ya tartari, imeganda kwa ubaridi wa friji. Haidhuru. Mimina taratibu.

Ukipeleka sampuli kwa mtaalamu

Jaza chupa mbili hadi juu kabisa, zipoze, zipeleke siku hiyo hiyo. Andika tarehe ya kuvuna, usomaji wa kwanza wa haidromita, joto la juu ulilopima, gramu za kila kitu ulichoweka, na tarehe ya mwisho ya salfa shambani. Usifiche ulichokosea, maana maabara itapoteza siku kutafuta ambacho ungeweza kusema kwa dakika moja. Na kama unakusudia kuuza, leseni ya vileo na viwango vya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) vinatangulia chupa ya kwanza.